Uzi: Simu ya bei ya kutupa, na nani hulipa ile tofauti

Uzi wa leo ni mrefu, kwa hivyo weka chai jikoni kwanza.

Kila bajeti ikisomwa, na kila mara mtu akitapeliwa mtandaoni, mjadala mmoja hurudi hapa. Simu ni ghali, laptopu ni ghali, watu wanakimbilia wauzaji wa Facebook na WhatsApp, halafu wanalia. Upande mmoja husema serikali imelala. Upande mwingine husema hapana, wanunuzi ndio wana tamaa, nani aliwaambia simu ya elfu arobaini inauzwa elfu tisa? Kama kawaida sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tu turudi nyuma kidogo, kwa sababu haya tumeyabishania kabla, na kuna mtu mmoja ambaye kila mara ndiye hubaki na hasara.

Nianze na hosteli yetu hapa Kabianga. Jirani yangu wa chumba alitumiwa na mamake shilingi 14,000 za laptopu. Pesa ya bonasi ya majani chai. Wasio wa huku wajue: mkulima wa KTDA hulipwa kidogo kila mwezi kwa kila kilo aliyopeleka kituoni, halafu mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba, anapata malipo ya pili. Hiyo ndiyo bonasi. Inalipa karo, inanunua mabati, inanunua ng'ombe, na siku hizi inanunua simu na laptopu. Wauzaji wa mtandaoni wanaijua kalenda hiyo kuliko sisi. Ikifika Oktoba, matangazo ya "ofa ya wiki hii pekee" yanajaa kwenye simu za watu wa Kericho na Bomet kama nzige.

Basi kijana akaona laptopu nzuri, picha safi, bei 13,500. Madukani mjini mashine kama hiyo ilikuwa zaidi ya elfu thelathini. Akatuma pesa. Kifurushi kikafika kweli, kimefungwa vizuri na gundi ya karatasi, kizito inavyotakiwa. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya vigae vya sakafu vimezungushiwa gazeti. Hosteli nzima ilicheka, na mimi nilicheka, sitawadanganya. Swali lililoulizwa usiku huo lilikuwa moja tu: "Kwani wewe hukuona bei?"

Hilo swali lina historia.

Nyanya yangu, kogo, hajui mambo ya laptopu lakini anaijua mizani. Ukiwa mkulima mdogo wa chai, mapato yako yote hutegemea kile chombo kinachoning'inia pale kituoni. Kilo moja ikipotea kila siku, mwisho wa mwaka ni pesa ndefu. Ndiyo maana malalamiko ya wakulima tangu KTDA ianzishwe 1964 hayajawahi kuwa ya bei peke yake. Yamekuwa pia ya mizani, ya makato ya unyevu, ya karani anayeandika namba mkulima akiwa amegeuka. Lakini angalia mambo matatu. Mkulima anasimama mbele ya mizani. Anamjua karani kwa jina na kwao. Na iko sheria ya vipimo, Sura ya 513, inayotaka afisa wa serikali aikague ile mizani na kuipiga muhuri. Hakuna mtu husimama pale kituoni akamwambia kogo, "Shauri yako, ungebeba mizani yako kutoka nyumbani."

Kwa simu tunamwambia hivyo kila siku.

Kwa nini? Sehemu ya jibu iko kwenye sheria tuliyorithi. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, ililetwa na serikali ya kikoloni 1931 na ni kama mtoto wa sheria ya Uingereza ya 1893. Msingi wake wa zamani ni kwamba mnunuzi ajiangalie. Bidhaa iko mbele yako, ishike, ikague, ukiridhika lipa. Haikuwa sheria mbaya kwa wakati wake. Ina masharti yanayombana muuzaji: ukinunua kitu kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo hayo, na muuzaji hawezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Hilo la mwisho liweke akilini, tutalirudia. Lakini picha iliyo nyuma ya sheria hiyo ni ya watu wawili wanaoonana, katika duka lenye mlango, na mnunuzi anayeelewa anachonunua. Ukinunua debe la mahindi unaweza kuingiza mkono ndani. Simu utaingiza mkono wapi?

Mwanauchumi mmoja wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala maarufu 1970 kuhusu magari yaliyotumika. Miaka 31 baadaye, 2001, akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Wazo lake unaweza kulieleza kwa lugha ya soko la Sosiot: muuzaji anaijua ng'ombe yake, mnunuzi hajui. Kwa vile mnunuzi anaogopa kuuziwa mgonjwa, anatoa bei ya chini kwa kila ng'ombe. Mwenye ng'ombe mzuri anaona bei ni matusi, anarudi nayo nyumbani. Wanaobaki sokoni ni wagonjwa. Yaani si kwamba mnunuzi ni mjinga. Soko lenyewe, likikosa njia ya kutofautisha kizuri na kibaya, huoza kutoka ndani. Sasa ondoa na ng'ombe mwenyewe, bakisha picha yake tu, na nambari ya simu. Hiyo ndiyo biashara ya mtandaoni.

Twende kwenye historia yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Mnakumbuka simu za mchina? Wengine wenu mlikuwa watoto kama mimi. Zilikuwa na spika ya kuamsha kijiji, antena ya kuvuta kama ya redio kwa ajili ya televisheni, na jina lililoandikwa karibu sawa na la kampuni kubwa isipokuwa herufi moja imepotea njia. Watu huzitaja leo kama mzaha. Lakini fikiria 2008. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia, Machi 2007, kwa hivyo simu haikuwa tena ya kusalimiana tu, ilikuwa benki. Mwaka huo huo wa 2008 Celtel ikageuka Zain, Orange ikaingia, yu ikafuata kabla ya mwaka kwisha. Kampuni nne. Kupiga ndani ya mtandao mmoja ni rahisi, kuvuka mtandao ni ghali. Mtu mwenye akili timamu alikuwa na laini mbili au tatu. Na simu iliyoweza kubeba laini mbili kwa pamoja, wakati kampuni kubwa zilikuwa bado zinauza za laini moja, ilikuwa ni ile ya mchina.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema Wakenya walinunua feki kwa sababu ya tamaa, mwambie hapana. Walinunua kitu kilichotatua shida yao, kwa bei waliyoweza. Kasoro zilikuwepo pia, betri za kufura, chaja za kuungua. Na nyingi zilikuwa na tatizo lisiloonekana: zile tarakimu 15 za IMEI, ambazo ndizo kitambulisho cha simu, zilikuwa za uongo. Maelfu ya simu zilishirikiana namba moja, au zilikuwa na sifuri tupu.

Serikali yenyewe ilikuwa inavuta pande mbili. Bajeti ya Juni 2009 iliondoa VAT ya asilimia 16 kwenye simu, ili watu wengi wapate simu halali kwa bei nafuu. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ilikuwa imepitishwa 2008, na shirika la kuitekeleza likaanza kazi 2010. Halafu ikaja tangazo: simu zote zenye IMEI isiyotambulika zitazimwa. Tarehe ikasogezwa, watu wakasema ni maneno tu. Mwishowe, usiku wa 30 Septemba 2012, swichi ikabonyezwa kweli.

Kabla ya hapo uliambiwa bonyeza *#06#, soma namba, itume kwa 1555, ujibiwe kama simu yako ni halali. Ebu fikiria foleni ya watu wanaosomewa hizo namba na mtoto wa shule, kwa sababu macho hayaoni vizuri tena au maandishi ni madogo. Tume ya Mawasiliano, ile tunayoiita sasa Mamlaka ya Mawasiliano, ilisema simu karibu milioni 1.9 zilizimwa. Nchi ilikuwa na laini karibu milioni 30. Hesabu mwenyewe: katika kila laini kumi na sita hivi, kulikuwa na simu moja iliyokufa asubuhi ya 1 Oktoba.

Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi, na nataka niwe wa haki hapa. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa unakuja, nchi ilikuwa na kovu la 2007 na 2008, na ujumbe wa chuki ulikuwa umepita kwa simu. Simu isiyo na kitambulisho cha kweli polisi hawawezi kuifuata. Wezi walikuwa wanazipenda. Ubora wa mtandao ulikuwa unaumia. Kama ningekuwa afisa wa tume, huenda na mimi ningebonyeza.

Lakini uliza nani alilipa. Aliyeziagiza makontena kwa makontena alikuwa ameshauza, pesa yake iko salama. Aliyezipitisha bandarini alikuwa ameshapokea alichopokea. Muuza duka alikuwa ameshaongeza faida yake. Aliyeamka na kipande cha plastiki mkononi ni mama wa Kapkatet aliyenunua dukani mchana kweupe, kwa pesa halali, na labda akapewa risiti. Hakukuwa na mpango wowote wa serikali wa kumrudishia. Alipewa onyo, muda wa mwisho, na kiza. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2013, sheria mpya ya VAT ikarudisha ule ushuru wa asilimia 16 kwenye simu. Kwa hivyo aliambiwa anunue simu halali, halafu simu halali ikapandishwa bei.

Nikisikia mtu kwenye mjadala anasema "mwaka ule tulizima feki na shida ikaisha", huwa namuuliza iliisha kwa nani.

Kando kidogo, kuna jambo la mwaka huo huo ambalo watu huwa hawaliunganishi. Aprili 2012 Mahakama Kuu iliamua kesi ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi dhidi ya ile ile sheria ya bidhaa bandia. Walisema maana ya "bandia" imeandikwa kwa upana mpaka inaweza kuzifunika dawa halali za bei nafuu, zile zinazotengenezwa bila jina kubwa la kampuni. Mahakama ikakubaliana nao. Hiyo hukumu naipenda kwa sababu ilisema jambo ambalo sisi mitandaoni tunalichanganya kila siku: rahisi na bandia si kitu kimoja. Sera inayomchukulia kila mtafuta bei nafuu kama mshirika wa mhalifu huwaumiza kwanza wale ambao hawana chaguo jingine.

Ving'amuzi navyo nitavipitia haraka. Matangazo ya televisheni ya kidijitali yalizinduliwa Desemba 2009 kwa mfumo mmoja, DVB-T, baadaye nchi ikahamia DVB-T2. Waliokuwa wamewahi kununua vile vya kwanza wakabaki na sanduku la kuwekea maua. Februari 2015 vituo vikubwa vikakaa gizani siku 19 kwa sababu ya mvutano wa kuhama analojia, na katika ile pupa ya kutafuta kisanduku cha bei ndogo watu wakauziwa visivyoidhinishwa. Hasara ikabaki sebuleni kwa mnunuzi.

Sasa mtandao. Karibu na wakati ule simu za mchina zinazimwa, soko lilikuwa linahama kutoka Luthuli kwenda kwenye skrini. OLX ilikuja ikawafundisha Wakenya kuuza kitanda kwa mtu wasiyemjua. Jumia ikaanza Kenya 2013, Kilimall ikafuata. 2019 Jiji ikainunua OLX hapa. Majukwaa kama haya yana kasoro zake lakini yana mlango wa kugonga: kuna akaunti, kuna utaratibu wa kurudisha, kuna ofisi ya kushtakiwa. Kilichokua kwa kasi zaidi, hasa huku mashambani, hakikuwa hayo. Kilikuwa kurasa za Facebook, makundi ya WhatsApp, baadaye TikTok, ambapo duka ni picha tu na keshia ni nambari ya M-Pesa ya mtu binafsi.

Nimekusanya hadithi za hosteli yetu na za kijijini, na ujanja unafanana mpaka unachosha. Picha zimeibwa kwa duka la kweli. Bei si ya uongo kabisa, ni ile ya kukufanya useme "labda". Kuna haraka: zimebaki mbili, ofa inaisha saa sita usiku. Ukisema utalipa ukipokea, unaambiwa sawa, lakini tuma ya usafiri kwanza, 300 tu. Ukituma 300 umeshaingia, maana sasa una kitu cha kupoteza. Kisha inakuja ya bima, kisha ya mwenye pikipiki aliyekwama Kericho mjini. Ukiuliza duka liko wapi unatajiwa jengo la kweli la Nairobi lenye vibanda mia, na wewe uko Kabianga, nauli ya kwenda kuhakikisha inakula nusu ya kile ulichotaka kuokoa. Umbali ndio mtaji wa tapeli. Mtu wa Nairobi anaweza kupita Luthuli baada ya kazi akaishika simu kwa mkono. Wa Sosiot analipia umbali kwa imani.

Na hao ni wale ambao hawapati kitu. Wanaopata kitu pia wana shida zao. Diski ya kuhifadhi data inayoonyesha terabaiti mbili ukiichomeka kwa kompyuta, kumbe ndani ni ndogo sana na programu yake imefundishwa kudanganya. Unaijua siku picha za mahafali zimefutika. Benki ya umeme yenye uzito mzuri, uzito wa mchanga. Simu ya "ex-UK" iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza, haifunguki milele.

Halafu kuna hizi za mkopo. 2020 Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku. Kampuni nyingine zina mipango kama hiyo. Kwa kibarua wa shamba la chai hiyo ni njia ya kweli ya kupata simu halali, sitaidharau. Lakini simu hizo zina kufuli la mbali: usipolipa, inajifunga. Kwa hivyo mtu anachukua kwa mkopo, analipa wiki mbili, anaiuza mtandaoni kwa nusu bei, anatoweka. Wewe unaitumia mpaka siku inajifunga mkononi mwako, na deni si lako. Au inafunguliwa na fundi anayebadilisha IMEI, jambo ambalo sheria ya mawasiliano inalifanya kuwa kosa la jinai.

Na hapa turudi kwa lile nililosema mliweke akilini. Muuzaji hawezi kukupa umiliki asio nao. Ukinunua simu iliyoibwa, hata kwa nia njema, hata kwa risiti, si yako. Na kabla hujaieleza hiyo nia njema, unaweza kuwa umekamatwa. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia kupokea mali ya wizi, na adhabu inaweza kufika miaka 14. Lazima ithibitishwe ulijua au ulikuwa na sababu ya kuamini ni ya wizi. Sasa nadhani mnaona ile bei ya kutupa inavyobadilika. Hosteli ilimuuliza jirani yangu kwa mzaha, "Hukuona bei?" Mahakamani swali hilo hilo huulizwa bila mzaha. Wapelelezi hufuata IMEI mpaka inapowaka, na wakati mwingine simu waliyoifuata ilitoka kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa. Wa kwanza kugongewa mlango ni yule aliyeipata kwa elfu tano kupitia kundi la WhatsApp, na hana jina la aliyemuuzia, ana picha ya wasifu na nambari iliyozimwa.

Kwa hivyo hatari si kupoteza pesa peke yake. Kwa kijana wa kijijini asiye na wakili, ni usiku kadhaa wa seli na ng'ombe mmoja wa babake.

"Lakini sheria zipo." Ndiyo, zipo, na hii ndiyo sehemu ya mjadala inayonikera zaidi, kwa sababu pande zote mbili huzitaja bila kuzisoma. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa za ubora unaostahili, na haki ya habari anazohitaji kabla ya kununua. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, iliyoanza kazi Machi 2013, ina sehemu nzima ya mikataba ya intaneti: muuzaji aeleze mambo ya msingi kabla, akupe nafasi ya kukubali au kukataa, akupe nakala, na asipofanya hivyo unaweza kuvunja mkataba. Sheria ya makosa ya kompyuta ilikuja 2018. Mahakama ya madai madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016, ilifunguliwa Milimani 2021, inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Kwenye karatasi tuko sawa kabisa.

Shida ni kwamba sheria hizi zote zinamdhania muuzaji mwenye jina na anwani. Utamshtaki nani? Laini za simu zinasajiliwa, kweli, lakini laini ya tapeli mara nyingi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, labda mzee mmoja aliyeahidiwa zawadi sokoni. Pesa ukiwahi unaweza kutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba irudishwe, lakini huo utaratibu ni wa mtu aliyekosea namba, na tapeli anajua dakika zake. Ukienda kituo cha polisi unaandikiwa OB. Shilingi 13,500 kwa mpelelezi mwenye mafaili ya ubakaji na mauaji ni kitu kidogo. Kwa mama aliyechuma majani mwaka mzima si kidogo. Uzito wa pesa hutegemea mfuko ilikotoka, na mizani hiyo polisi hawana.

Kwa hivyo serikali imejaribu nini tangu 2012? Imerudi pale pale kwa IMEI. 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuweka mfumo wake kwenye mitandao ya kampuni za simu ili kutambua vifaa bandia. Watu wakasema huo mfumo utaweza kuchungulia mawasiliano yetu. Mahakama Kuu ikauzuia 2018, Mahakama ya Rufani ikageuza uamuzi huo 2020, Mahakama ya Juu nayo 2023 ikatupa rufaa ya chama cha mawakili. Oktoba 2024 likaja tangazo jingine: kuanzia 1 Januari 2025 simu zinazoingia au kuunganishwa nchini zihusishwe na mfumo wa KRA, IMEI zitangazwe, ushuru uonekane umelipwa. Likapelekwa mahakamani tena, likasimamishwa, na 2025 Mahakama Kuu ikaamua linakiuka Katiba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wa pande zote mbili. Wanaosema "hizo ni njama za kutupeleleza tu" wanasahau kwamba mtu aliyenunua simu ya wizi pasipo kujua angefaidika sana na mahali pa kuuliza, kabla ya kulipa, kama IMEI hii ina kesi au deni. Wanaosema "serikali inatulinda" waangalie mpangilio. Kila mfumo uliojaribiwa unamtazama mwenye simu. Wa kuzimiwa ni yeye, wa kuthibitisha ushuru ni yeye. Sioni mpango wa ukubwa huo uliowahi kumtazama anayeuza. Na wakati huo huo bei halali inapandishwa: 2022 simu za kutoka nje ziliongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya VAT na ushuru wa forodha. Ile ahadi ya simu ya dola 40 iliishia, Oktoba 2023, kwa simu zilizounganishwa Athi River za 7,499 na 8,999. Si mbaya, ni kazi kwa vijana wetu. Lakini ukikata tofauti kati ya 7,499 na tangazo la 4,000 kwenye kundi la kijiji, hiyo tofauti ni mafuta, sukari na unga wa wiki kadhaa. Mtu hatafuti bei nafuu kama mchezo.

Ukitaka kujua mwanasiasa yeyote anamaanisha nini akisema atalinda watumiaji, usimuulize kama anapinga simu feki. Kila mtu anapinga simu feki. Muulize kama ukurasa unaouza Kenya utalazimika kuonyesha usajili wa biashara na nambari ya malipo ya duka badala ya ya mtu binafsi. Muulize pesa ya mnunuzi itakaa wapi mpaka kifurushi kifunguliwe. Muulize orodha ya IMEI zilizoibwa itasomwa na nani, bila jina la mtu kutokea. Na muulize, simu zikizimwa tena, nani atarudishiwa nini.

Mnaouliza kwa DM mimi hufanyaje: nalipa nikishaiwasha mbele ya mwenye pikipiki, na ninabonyeza *#06# nilinganishe namba ya kwenye skrini na ya kwenye boksi. Muuzaji akikataa hilo, namshukuru namwacha. Si kinga kamili. Namba ya boksi nayo huchapishwa.

Jirani yangu alimaliza muhula kwa kuazima mashine yangu usiku, kuanzia saa nne. Mamake bado anaamini laptopu ilifika ila ina hitilafu, iko kwa fundi Kericho. Namba ya OB ameihifadhi kama picha kwenye simu. Ule ukurasa tuliutafuta majuzi tukaupata, wafuasi ni wale wale, jina tu limebadilishwa. Sasa unauza majiko ya gesi.